Usivunje Lango Kabla ya Kupima Kona

Mjukuu wangu, keti hapa kidogo. Nimeambiwa umepata trela, na kesho fundi anakuja na nyundo kuvunja nguzo za geti. Nimefurahi, na pia nimeingiwa na hofu. Nisikilize kabla hujalala.

Sababu zako nazijua. Trela ikilala kando ya barabara pale Awendo au Rongo, asubuhi unakuta dizeli imefyonzwa, betri imeondoka na gurudumu la akiba halipo. Yadi nayo hulipiwa kila usiku. Ndiyo ukasema, na ilale kwangu nikiiona. Sikukatazi. Lakini mgeni mzito huulizwa atalala wapi kabla hajafunguliwa mlango.

Umepima upana wa trela, ukapata kama mita mbili na nusu, ukasema geti la mita nne litatosha. Mwanangu, hapo ndipo wengi huanza kulia. Kontena la futi 40 peke yake lina urefu wa mita 12 na kidogo. Ongeza kichwa, ufike kama mita 16. Kichwa kikikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia yake. Hukata kwa ndani, yakaja moja kwa moja kwenye nguzo. Tembea kutoka Migori mjini hadi Isebania uziangalie nguzo za mageti. Nyingi zilizobomoka zimebomoka upande mmoja tu, upande wa kona.

Kama unaingia kutoka barabara pana, mita nne au tano zinaweza kukutosha. Kama unaingia kutoka kijia chembamba, huenda ukataka sita, pengine nane. Na mara nyingine dawa si kupanua. Dawa ni kulirudisha geti ndani, mbali na barabara, na kuzikata pembe za ukuta kimshazari, ili trela inyooke kabla ya kuifikia nguzo. Mpima lango asiyepima kona, ukuta utampimia.

Kwa hivyo nakuomba, usimwite fundi kabla hujamwita dereva. Tafuteni uwanja mkavu ulio wazi. Choreni kwa chokaa upana wa barabara yenu, kisha pangeni mitungi mitupu mahali pa nguzo na pa ukuta wa jirani ulio mkabala. Mwambie aingie, halafu atoke kinyumenyume. Mtungi utakaoangushwa utakwambia ukweli kwa bei ndogo.

Nakuomba tena, jua mwisho wa ardhi yako. Ile nafasi kati ya geti lako na lami haiwi yako kwa sababu tu unaifyeka kila Jumamosi. Ukikaa kando ya barabara kuu ya Isebania kwenda Kisii, hifadhi ya barabara iko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Za vijijini huenda ni za KeRRA, za mjini huenda ni za KURA, au zote za kaunti. Huruhusiwi kufungua njia mpya ya kuingia bila idhini yao kwa maandishi. Kaunti nayo, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, inataka ruhusa kabla ya ujenzi. Utaniambia hayo ni mambo ya wakubwa. Ile alama nyekundu ya X haichagui mkubwa. Ikishachorwa kwenye ukuta wako, ujue gharama ya kubomoa ni yako.

Na mfereji je? Ukiujaza kifusi ili trela ipite, maji ya mvua ya Machi hadi Mei yataingia jikoni kwa jirani. Weka kalavati nene, lenye upana wa kupitisha maji na nguvu ya kubeba mzigo. Ugomvi wa maji huanza masika, lakini hauishi na masika.

Sasa nguzo zenyewe. Hapa kwetu Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Wazee waliolijenga, karne nyingi zilizopita, hawakuwa na saruji wala nondo. Walipanga jiwe juu ya jiwe, kuta nyingine zikapita kimo cha mtu mara mbili. Juu ya malango walilaza mawe marefu, na kuta wakaziegemeza kwa mawe mengine ili zisiyumbe. Walijua kwamba ukuta huwa dhaifu pale unapokatwa.

Wewe unataka kuukata, halafu uning'inize chuma juu ya jeraha! Geti la mita sita linaweza kuzidi kilo 200. Kila likifunguliwa linaivuta nguzo. Chimba msingi upya, simamisha nguzo ya zege yenye nondo, na uifunge na ukuta wa zamani. Usikubali fundi apachike bawaba kwenye matofali matupu. Ukichagua geti la kuteleza, hakikisha lina kizuizi imara kwenye ncha zote mbili za reli na kishikio cha juu. Geti likitoka kwenye reli huangukia aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mtoto aliyetumwa kulisukuma.

Tazama na chini. Trela tupu na kichwa chake hukaribia tani 15 au kuzizidi. Ikijaa, sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa ekseli saba. Shimo la maji taka lililofunikwa na saruji halikujengewa uzito huo. Choo cha zamani kilichofukiwa halikadhalika. Na kama uko Ndhiwa au bonde la Lambwe, ule udongo mweusi hupasuka kiangazi na kunata masika. Bila mawe na changarawe iliyoshindiliwa, trela yako itazama uani, na tingatinga la kuivuta litang'oa hata hilo geti jipya. Tazama juu vilevile. Waya wa stima unaoingia nyumbani huenda haukuwekwa kwa kimo cha kontena.

Haya yote hulipika kwa pesa. Lililonileta kuzungumza nawe halilipiki.

Katika boma la Mjaluo, simba, yaani nyumba ndogo za wavulana, hujengwa karibu na lango. Huko ndiko vijana hulala, na huko ndiko wadogo wao hushinda wakicheza. Ukipanua geti, unaipitisha trela mlangoni pao. Dereva akirudi nyuma, mtoto aliye nyuma ya magurudumu ya mwisho haonekani kwenye kioo chochote. Trela haiulizi nani amelala, nani anachutama kuchora mchangani.

Nimekaa kwenye matanga ya namna hiyo. Baba wa mtoto ndiye mwenye trela. Hakuna polisi wa kumlaumu, hakuna jirani wa kumshtaki. Watu humpa mkono kisha hutazama chini. Trela huuzwa kwa bei ya kutupa, na geti pana hubaki.

Mjukuu wangu, nakusihi. Tenga njia ya trela na uizungushie ua, hata wa miti. Wape watoto mlango wao mdogo wa miguu, mbali na ule mkubwa. Weka sheria moja: trela hairudi nyuma mpaka tarniboi ashuke, asimame mahali dereva anamwona, na mtu mzima awe amewahesabu watoto. Usiku wa manane pia. Mvua ikinyesha pia.

Na ukipima ukaona kona haikubali, ardhi haikubali na watoto hawana pa kukaa, usione aibu. Lipia yadi. Pesa ya yadi ni ndogo kuliko kiingilio cha msiba.

Mpigie fundi simu sasa hivi, umwambie nyundo ingoje. Kesho asubuhi anza na dereva na chokaa.