Sura ya Aliyefurikiwa

Januari 1937 Mto Ohio ulivunja kingo na kuzamisha sehemu kubwa ya Louisville, Kentucky, Marekani ikiwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi. Margaret Bourke-White, mpiga picha wa jarida la Life, aliwapiga picha Wamarekani weusi wakiwa kwenye foleni ya msaada. Nyuma yao kulikuwa na bango la familia ya wazungu ndani ya gari, likijisifu kuwa hali ya maisha ya Marekani ni bora kuliko zote duniani.

Wengi wameidhania picha hiyo kuwa ni foleni ya wasio na kazi. Sivyo, wale walikuwa waathirika wa mafuriko. Je, picha ya kweli inaweza kubeba maana ya uongo? Inaweza, kwani kamera huonyesha sura bila kueleza kisa. Ubaguzi wa rangi unaodokezwa na picha hiyo, hata hivyo, haukuwa uzushi: mwaka huohuo mpiga picha Walker Evans alipiga picha kambi za mafuriko za Arkansas, ambako weusi na weupe walitengwa hata katika maafa.

Gumu zaidi ni haki ya mwenye sura. Jina la mpiga picha lilivuma, si majina ya waliopanga foleni. Dhiki haimfanyi mtu kuwa mali ya anayemtazama, na mpiga picha anawajibika kueleza kikamilifu yaliyompata mwenye sura.