Maharagwe Laini ya Nkoroi

Mpwa wangu alipopata kazi alihamia Nkoroi, chumba cha kupanga kando ya Barabara ya Magadi, na mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili. Kupika hakujua. Simlaumu. Ni sisi wajomba tuliokuwa tukimfukuza jikoni tangu utotoni, eti mtoto wa kiume hakai na mama zake mafigani.

Siku moja akaamua kupika maharagwe, yale mekundu makubwa. Gesi ni ghali, na maji huyanunua kwa mtungi, kwa hiyo akabana kila upande. Aliyaloweka usiku, asubuhi akayabandika na maji yaleyale ili asimwage hata tone. Sufuria ilipoanza kutoa viputo vidogo pembeni, akatia kijiko cha magadi, akazima gesi, akaifukia sufuria ndani ya kapu lililojazwa blanketi, lile la kuivisha chakula bila moto. Akaenda kazini.

Jioni alikuta maharagwe yangali na joto, yamelainika, ukiyabonyeza kwa vidole yanapondeka. Akatia chumvi, akakata parachichi, akala sahani mbili.

Saa nne usiku simu yangu ikalia. "Mjomba, nimelishwa sumu?" Alikuwa ameketi sakafuni mlangoni pa choo, anatapika mfululizo, tumbo linamsokota. Alishuku parachichi. Kulipopambazuka nguvu zilikuwa zinamrudia, lakini usiku ule sitausahau.

Maharagwe mekundu mabichi yana sumu yake ya asili iitwayo lektini, na punje nne au tano tu zaweza kumwangusha mtu mzima. Huuawa na maji yanayotokota kwa nguvu. Moto hafifu, wa digrii 80 hivi, hauiui, na huweza hata kuiongezea makali. Kapu lilitunza joto lisilotosha siku nzima, na magadi yakalainisha maganda. Mpwa wangu alipima kwa vidole, na vidole vikamdanganya: ulaini si kuiva.

Tena Nkoroi iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100; huku kwetu huchemka yapata 94, ndiyo maana githeri yetu huchukua muda mrefu motoni. Anayeanza kupika katika nyanda hizi asihesabu dakika za mpishi wa Pwani.

Nilimwendea Jumamosi, tukapika pamoja. Tuliyaloweka kwa muda wa saa nane, tukayaosha, tukayabandika kwa maji mapya. Nilimwonyesha tofauti ambayo sikuwahi kumwonyesha: viputo vya pembeni si mchemko. Mchemko ni sufuria nzima inapofurukuta, punje zikipanda na kushuka, povu likitaka kumwagika. Kuanzia hapo ndipo tulipoanza kuhesabu dakika 30, yeye ameshika simu, mimi mwiko. Kisha tukaiingiza sufuria kapuni ikiwa bado inatokota. Kapu si baya. Humalizia tu kazi ambayo moto umeshaianza.

Maji ya kulowekea yalimtia uchungu kuyamwaga. Nyuma ya nyumba ana gunia la sukuma wiki. Akalimwagilia yote.