Loisi, Eunike na Picha za Ukutani

Juma hili naomba tuingie sebuleni kwa mchoraji. Njideka Akunyili Crosby alizaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983, akaenda Marekani mwaka 1999, na huko ndiko anakofanyia kazi. Ukizitazama picha zake kwa mbali unaona mambo ya nyumbani tu: meza, kiti, mke na mume wamekaa. Sogea karibu. Ukutani, sakafuni, pengine hata kwenye ngozi ya mtu, kumejaa picha ndogondogo za wanamuziki, wanasiasa, maarusi na ndugu zake.

Namna anavyozipata ndiyo iliyonishika. Huzitoa kwenye albamu za familia na magazeti ya kwao, akazinakili, akazilaza kifudifudi juu ya karatasi, kisha akazipaka asetoni, dawa ileile ya kufutia rangi ya kucha, na kuzisugua mgongoni. Wino unahama. Picha inatokea imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, tena imefifia. Mahali pengine wino umegoma kabisa. Brashi, penseli za rangi na vipande vya karatasi humalizia.

Kazi yake moja ya mwaka 2014 inaitwa Mama, Mummy and Mamma. Dada yake ameketi mezani, na kwenye picha za ukutani wapo mama yao na bibi yao. Mama huyo ni Dora Akunyili, aliyepambana na wauza dawa bandia Nigeria. Mwaka 2003 alishambuliwa, risasi ikapita kwenye kilemba chake, naye akarudi kazini. Alifariki mwaka huohuo wa 2014. Katika picha ya 2017 binti amemweka tena, safari hii uso wake umechapwa kwenye kitambaa, kama vitenge vyetu vya jubilei vyenye picha ya askofu. (Akina mama wa kwaya, mnavijua.)

Paulo naye, katika barua ya pili kwa Timotheo, kabla ya fundisho lolote anamtaja bibi, Loisi, na mama, Eunike. Huwa tunausoma mstari ule kana kwamba imani ilimfikia kijana nzimanzima. Sidhani. Matendo sura ya 16 inatuambia baba yake alikuwa Myunani, na Timotheo hakuwa ametahiriwa mpaka Paulo alipomchukua. Nyumbani kwa Eunike kuna mambo hayakuhama. Yaliyohama yalitosha kwa mtu aliyekuja kuachiwa kanisa la Efeso.

Wazazi huja ofisini kwangu na uchungu: mtoto yuko ughaibuni, anasali kwa namna wasiyoitambua. Mimi huwauliza kama bado anaombea chakula, na kwa maneno gani. Wengi hujibu kwamba ni yale ya bibi yake, ila ameyachanganya na Kiingereza, na katikati ameruka mstari.