Kivuli cha Wote

Yatupasa tujiulize: bustani ya umma ni mali ya nani? Wapo wasemao kuwa ni ya serikali, kwa kuwa ndiyo itunzayo hati. Sisi twaona kuwa hati hiyo ni amana, na mshika amana si mwenye mali.

Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969. Wangari Maathai aliandika barua kuupinga. Akabezwa Bungeni, lakini hatimaye mpango uliachwa. Funzo si kwamba majumba marefu ni maovu, bali kwamba wenye bustani hawakuulizwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliutaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Hata hivyo, kuuliza nako kuna adabu yake. Kumwita mtu shaurini hali ramani imekwisha kuchorwa ni kumkaribisha mgeni mezani sahani zikiwa zimeoshwa.

Twajua kuwa mashauri ya wengi huchelewesha kazi. Lakini wako wasioweza kufika barazani kamwe: watakaozaliwa. Mti tuupandao leo utawatia kivuli wao. Basi tuamuapo juu ya miaka 50 ijayo, tuseme kama mawakili wao; mchuuzi, mwanafunzi na mzee wasikilizwe mapema, na lisilorekebishika lisiharakishwe. Ardhi ikishafunikwa kwa saruji, hairudishwi kwa majuto.