Baba Mlezi Baada ya Talaka

Huulizwa: mtu aoapo mwanamke mwenye binti, akamlea mtoto yule miaka minane, kisha wakaachana, ana haki gani kwake? Suali hili lahusu Nyamasaria, kando ya Kisumu, kama lihusuvyo Mombasa na Lamu.

Mila ya Kijaluo tangu kale hutazama ng'ombe wa mahari: aliyewatoa ndiye mwenye watoto. Sheria yetu katika nasaba haitazami mali wala malezi. Zaid bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad (S.A.W.), hata iliposhuka Sura ya Ahzab akarejezewa jina la babake. Basi mlezi hana nasaba wala urithi, wala hawezi kumnyang'anya mama mtoto wake.

Lakini wako wasemao kuwa talaka humfanya mlezi mtu baki. Hao na waisome Sura ya Nisaa, aya ya 23: binti wa mke aliyeingiliwa ni haramu kwa mlezi huyo milele, hata mamake akiachwa. Ikiwa sheria yenyewe imekiri kifungo kisichokatwa na talaka, sisi twakikata kwa hoja gani?

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, nayo yatanguliza maslahi ya mtoto. Basi mama asimfiche binti kwa kumkomoa mume, wala mume asidai fidia ya chakula alichomlisha. Jina la baba mzazi lihifadhiwe, na mlango wa kuzuru uachwe wazi. Mtoto hakutoa talaka wala hakupewa. Kwa nini yeye ndiye aadhibiwe?