Mwenzako Yuko Wapi?



Wazee wengi wamwonapo kijana amejifungia chumbani usiku, akishindana kwa kompyuta na watu asiowaona, husema kwamba amepotea na hana wenzake. Yatupasa tuitazame hukumu hiyo kwa uadilifu, kwani kumhukumu mtu bila kuchunguza ni dhuluma.

Katika michezo ya mashindano kama League of Legends na Dota 2, kila timu ina watu watano. Kila mmoja ana kazi yake, na akikosekana mmoja, wanne waliobaki hulemewa. Kwa hiyo huulizana: fulani yuko wapi? Mchezo waweza kuwa upuuzi, lakini swali hilo si la upuuzi hata kidogo.

Fikiri habari za Mats Steen wa Norway. Tangu utotoni alikuwa na maradhi ya kudhoofisha misuli, hata akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Miaka yake ya mwisho aliitumia sana katika World of Warcraft, mchezo ambao watu wa nchi mbalimbali hukutana ndani yake kwa intaneti na kufanya vikundi. Alipofariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 25, wazazi wake walihuzunika wakidhani kwamba aliishi bila rafiki. Wakautangaza msiba katika ukurasa alimokuwa akiandika habari zake. Ndipo zikamiminika rambirambi kutoka kwa watu wasiowajua: huyu alifarijiwa naye katika huzuni, yule alishauriwa naye juu ya mwanawe. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya, wakahudhuria mazishi. Mwaka 2024 habari hizo zilitolewa katika filamu.

Basi ni dhahiri kwamba udugu hupimwa kwa kujaliana. Hapo ndipo sisi tunaosali tujihesabu. Twasimama bega kwa bega katika safu moja, na huenda jirani yetu wa kushoto ni mgeni katika imani, ambaye jamaa zake wamemtenga kwa sababu hiyo. Akikosekana wiki tatu, nani humwendea? Ikiwa wacheza mchezo huulizana usiku uleule, tutajibu nini mbele ya Mwenyezi Mungu?

Nawe kijana, usidhani kwamba kila mchezo umehalalishwa kwa habari hizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya maradhi, ambamo imo hali ya mtu kushindwa kujizuia na michezo hii hata maisha yake yakaharibika. Jiulize: mwenzako aliyekosea ukashindwa kwa ajili yake, ulimtukana au ulimstahi? Wamjua jina lake na shida yake? Na mama yako aliye chumba cha pili, umemjulia hali leo? Steen aliwapa wenzake sikio lake; wewe wawapa nini?

Ndugu mpenzi, kabla jua halijatua, mkumbuke mtu mmoja ambaye hujamwona siku nyingi, umwendee au umpelekee salamu. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu wanaoulizana hali wangali hai, wala tusingoje kujuana makaburini. Amin.