Nani Atainua Gari Lako?

Nilimgonga kwenye kona ya tatu. Tairi hazikuteleza wala breki hazikukataa. Nilimwona mbele yangu, nikaona pia mstari niliouzoea, ule unaopita ndani kabisa ya kona, na mkono wangu ukaufuata kana kwamba hapakuwa na mtu. Gari langu la kilo moja na nusu likaingia ubavuni mwa lake. Lake likaruka, likabiringika mara mbili, likatua magurudumu yakiangalia juu.

Marshali alikimbia akaliinua. Gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia, kwa hivyo akaliweka kando ya njia, na mbio zikaendelea bila yeye. Raundi ilipoisha mwenye gari, kijana wa kidato cha tatu, alinijia akiwa amelibeba kwa mikono miwili. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Brathe, si uliniona?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike haya. Kwa sababu ukweli ni kwamba nilimwona.

Wacha nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana watu wengi wakisikia magari ya rimoti wanafikiria zile za watoto zinazogonga miguu ya kochi na kulia kama ambulensi. Haya yetu ni mengine. Ni ya kipimo cha moja kwa kumi, yaani mara kumi ndogo kuliko gari lenyewe, yana mota ya umeme, na yanaweza kupita kilomita 50 kwa saa. Rimoti inashikwa kama bastola: kidole cha shahada kiko kwenye kifyatuo cha mwendo na breki, mkono wa pili uko kwenye gurudumu dogo la usukani. Jumapili asubuhi tunapata sehemu ya kuegesha magari iliyo tupu, tunachora njia kwa chaki, tunalaza mabomba ya plastiki kwenye kona, halafu tunapanda nyuma ya pikapu ili tuone vizuri. Ndiyo hiyo jukwaa letu.

Kila kitu kinaagizwa kutoka ng'ambo. Ukivunja kipande kidogo cha plastiki chenye bei ya chakula cha mchana, unalipa usafiri unaozidi bei yake, kisha unangoja wiki kadhaa. Kwa hivyo nilipoanza, mwenzangu mmoja alinishauri nijifunze kwenye simuleta kwanza. Unachukua rimoti yako ileile, unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kwenye skrini unaona uwanja kama vile umesimama jukwaani. Ukianguka, unabonyeza kitufe na gari linarudi njiani. Hakuna kinachovunjika.

Nilifanya hivyo miezi mitatu, karibu kila usiku, isipokuwa siku ambazo stima ilipotea. Na nitasema wazi: simuleta ilinifunza. Shida kubwa ya magari haya ni kwamba wewe hauko ndani. Gari likienda mbele yako, kulia kwake ni kulia kwako. Likigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Akili inalijua jambo hili kwa dakika moja, lakini mkono unalijua baada ya mizunguko elfu kadhaa. Kama ningeifanya mizunguko hiyo yote kwenye lami, ningekuwa nimebaki na rimoti na madeni.

Tena simuleta hii inakaribia kitu chenyewe kuliko nyingi. Mtu anayejifunza kuendesha gari kubwa kwenye skrini anakosa uzito wa mwili wake kwenye kona. Anakosa pia woga. Sisi hata kwenye lami mwili wetu hauko garini. Tumesimama pembeni na rimoti mkononi, kama tulivyo mbele ya skrini. Unaweza hata kusema gari la rimoti lenyewe ni mwigo, na simuleta ni mwigo wa mwigo. Plato alimlaumu mchoraji kwa kosa kama hilo, kwamba anaiga kitanda cha seremala ambacho nacho kinaiga kitanda chenyewe. Lakini mwigo wa mwigo uliniwezesha kumaliza raundi yangu ya kwanza bila kuanguka. Plato hakuniambia ningefanyaje hivyo.

Basi swali langu si kama simuleta inafunza. Inafunza. Swali ni inafunza nini kingine, wakati wewe unadhani unajifunza kuendesha tu.

Mwezi wa pili nilianza kushindana na wengine mtandaoni. Walikuwa wengi, na walikuwa wananigonga. Nikaona kuna sehemu ya kuzima migongano, nikaizima. Tangu hapo magari ya wengine yakawa kama mizimu: unayaona, unayapita katikati, hayakuguzi. Muda wangu wa mzunguko ukashuka vizuri sana. Nilifurahi. Nilikuwa nimepata njia ya kufanya mazoezi bila usumbufu wa watu.

Aristotle anasema kwamba mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hapo ndipo wengi wetu huishia. Lakini anaendelea na jambo gumu zaidi: ni kwa kupiga hicho hicho kinubi ndipo wanatokea wapigaji wazuri na wapigaji wabaya. Mazoezi hayachagui. Yanakaza chochote unachokirudia. Mimi nilidhani ninarudia kona. Kumbe kila usiku nilikuwa ninarudia pia kumwona mtu mbele yangu na kutofanya lolote. Mara mia, mara elfu. Jumapili ile mkono wangu ulifanya kile ulichofunzwa, na ulikifanya vizuri kabisa.

Nilipomweleza mwenzangu yule, alicheka. "Si ungewasha tu migongano? Hiyo ni mambo ya settings, usituletee falsafa."

Ana haki kwa kiasi fulani. Kuna tofauti kati ya chombo na namna unavyokitumia, na mimi ndiye niliyebonyeza. Lakini hata migongano ikiwa imewashwa, nini hutokea? Ninakugonga, unapoteza sekunde tatu, unabonyeza kitufe chako, gari lako linarudi zima. Umekasirika, labda umeniandikia tusi. Hakuna unachokwenda kueleza nyumbani. Kwenye skrini wewe ni kikwazo kilichonichelewesha, au mimi ndimi kikwazo chako. Kwenye lami wewe ni mtu ambaye nimemkatia kitu ambacho hawezi kukinunua wiki hii. Settings zinaweza kunifunza kukukwepa, lakini bado sitakuwa na kitu chako cha kuvunja.

Wapo watakaosema kwamba nadharia hii ingewazuia marubani kujifunza. Hapana. Tukumbuke simuleta ya ndege ilitoka wapi. Edwin Link, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza mashine yake mwishoni mwa miaka ya 1920 akitumia viriba vya hewa kama vile vya kinanda ili kuitikisa. Wengi waliiona kama kitu cha kuchezea kwenye viwanja vya burudani. Mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wake kadhaa wakafa kwenye hali mbaya ya hewa, na ndipo jeshi likanunua mashine za Link. Yaani rubani aliyeketi ndani ya kile kisanduku alijua kwa nini amewekwa pale. Wafu walikuwa wameingia naye. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki na soda, na hakuna aliyeingia nami.

Vilevile kuna waliovuka kutoka skrini hadi barabarani. Lucas Ordóñez, Mhispania, alishinda shindano la kwanza la GT Academy mwaka wa 2008, lililotafuta madereva kupitia mchezo wa Gran Turismo, na mwaka wa 2011 timu yake ikawa ya pili katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Lakini mshindi wa mchezo hakupelekwa Le Mans moja kwa moja. Katikati kulikuwa na mafunzo ndani ya magari halisi, na mbio ndogo za kupata leseni, pamoja na wengine ambao wangeweza kuumia. Tunaposimulia hadithi hizi tunapenda mwanzo na mwisho, tunaruka katikati.

Sasa kuna pingamizi ambalo sijaweza kulimaliza, na sitaki kujifanya nimelimaliza. Kijana niliyemgonga hana kompyuta. Alijifunza kwenye lami, polepole, akiogopa kila kona, kwa sababu akivunja kitu amekaa nje mwezi mzima. Ndiyo maana anaendesha kwa heshima: anakuachia nafasi, anapunguza mwendo akikuona umeyumba. Nimekuwa nikimsifu moyoni kwa uangalifu huo. Lakini je, huo ni wema, au ni umaskini tu? Na mimi nikisema kwamba hasara ndiyo mwalimu, si ninasifu ada ambayo yeye analipa na mimi nimeikwepa? Ni rahisi kwa mwenye kompyuta kuandika insha kuhusu faida za kutokuwa nayo.

Nilimuuliza juu ya hilo, si kwa maneno haya. Nilimuuliza kama angekuwa na simuleta angeitumia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angekunywa maji. "Kila siku," akasema. "Unajua nimekosa mbio ngapi nikingoja spea?"

Kwa hivyo siwezi kusema simuleta ni mbaya. Kwake ingekuwa huruma. Siamini pia kwamba ingemfanya kuwa kama mimi. Yeye angeingia kwenye skrini akiwa tayari anajua gari lililovunjika linavyoonekana mikononi mwa mtu. Mimi niliingia bila kujua. Labda tofauti yetu ni mpangilio tu: nani ulikutana naye kwanza, mzimu au mtu.

Na hapo ndipo ninafikia kitu ambacho hakuna simuleta niliyoiona inayo, ingawa katika mchezo huu ni sheria ya kawaida kabisa. Ukimaliza raundi yako, hauendi nyumbani. Unaweka rimoti chini, unashuka, unakwenda kusimama kwenye kona kama marshali wa raundi inayofuata. Gari la mtu likianguka, unakimbia, unaliinua, unaliweka njiani likielekea mbele, unarudi mahali pako kabla kifundo chako cha mguu hakijagongwa na linalofuata. Unainua la rafiki na la mpinzani kwa kasi ileile. Mara nyingi unamwinua mtu ambaye akibaki chini, wewe utapanda nafasi kwenye msimamo. Hakuna anayekulipa. Ukikwepa zamu yako, sheria ni kwamba unaweza kuadhibiwa kwenye matokeo yako, lakini kwetu adhabu kubwa ni mzee anayetupangia mbio kukuita kwa jina mbele ya kila mtu.

Kabla ya Jumapili ile nilikuwa naiona zamu hiyo kama kero. Kwenye skrini kuna kitufe, kwa nini hapa nisimame juani? Sasa naona kwamba kitufe kilikuwa kimechukua nafasi ya mtu, na nilikuwa nimekubali ubadilishaji huo bila hata kuuona. Ukianguka kwenye lami, unasimama jukwaani mikono ikiwa haina la kufanya, unamtazama mtu mwingine akikimbia kwa ajili yako. Huwezi kujisaidia. Kisha dakika chache baadaye ni wewe unayekimbia. Sijui njia bora ya kufunza kwamba wale wengine wapo.

Na tusidhani haya ni ya magari madogo pekee. Kizazi chetu kinafanya mazoezi ya mambo mengi mahali ambapo hakuna kinachovunjika. Tunazoea kubishana na watu tusiowaona, kutongoza kwa maandishi tunayoweza kuyafuta, na kuacha kundi kwa kubonyeza mara moja. Mazoezi hayo yanatupa wepesi, na wepesi si kitu kibaya. Lakini siku moja utakuwa mezani na mtu halisi, na mkono wako utafuata mstari uliouzoea. Afadhali ujue mapema ni mstari gani.

Mkono ule wa plastiki niliulipia, pamoja na usafiri. Ulichukua wiki tano kufika. Katika wiki hizo nilimpa gari langu aendeshe raundi moja moja, na mimi nikasimama kona ya tatu. Bado natumia simuleta usiku. Nimewasha migongano, na muda wangu umeharibika kwa karibu sekunde nzima.

Jumapili gari lake lilipopona, lilianguka tena, palepale, safari hii peke yake. Nilikimbia nikaliinua. Kutoka nyuma ya pikapu akapaza sauti, "Haraka, bro, wananipita!" Nikaliweka chini likielekea mbele, na sikupata hata muda wa kumjibu, kwa sababu la nyuma lilikuwa tayari linakuja.